Wonsan 1950: meli 250 nje, mabomu 3,000 ndani

Oktoba 1950, mwezi mmoja baada ya kushuka Incheon, majeshi ya Umoja wa Mataifa chini ya Marekani yalipanga kuteremsha askari Wonsan, bandari ya pwani ya mashariki ya Korea Kaskazini. Siku iliyowekwa ilikuwa tarehe 20. Zilikusanywa meli zipatazo 250 na watu wapatao 50,000. Wakorea Kaskazini hawakuwa na manowari (meli ya vita) ya kuzizuia, na angani ndege za Marekani zilitamba zitakavyo. Hata hivyo kikosi cha Marine, askari wa Marekani wa kushambulia kutoka baharini, kilikanyaga mchanga wa Wonsan tarehe 26, na kilipofika kilikuta mji umeshatekwa na askari wa Korea Kusini waliokuja kwa miguu tangu tarehe 10 na 11. Katikati ya tarehe hizo meli mbili za Marekani za kufagia mabomu yaliyotegwa baharini zilizama kwa siku moja, moja ya Wajapani ikazama siku tano baadaye, na ya nne, ya Korea Kusini, ikasambaratika kesho yake.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya Goliathi na Daudi. Sisi tunakitazama kama kazi: nani alitangulia, kwa zana gani, ndani ya maji ya namna gani. Mabomu yenyewe hayakuwa na siri kubwa. Mengi yalikuwa ya muundo wa Urusi wa 1908. Kilichogharimu ni mpangilio wa kazi.

Bahari yenyewe

Ghuba ya Wonsan ni pana na ina visiwa kadhaa mlangoni. Kina chake kinapanda polepole kutoka baharini kuelekea bandarini, na maji ya namna hiyo ndiyo mtegaji huyatafuta: si marefu mno kwa waya wa nanga, wala si mafupi kiasi cha meli kubwa kushindwa kupita. La pili ni maji kupwa na kujaa. Msomaji wa Mombasa au Tanga amezoea bamvua inayofikia karibu mita 4, na Incheon, upande wa magharibi wa Korea, tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 9. Ndiyo maana tarehe 13 Septemba manowari zilizokuwa zikiingia Incheon wakati wa maji kupwa ziliona mabomu yametokeza vichwa, zikayapiga kwa bunduki. Wonsan bahari haipandi wala kushuka kwa kiasi cha kumfunulia mtu kitu. Bomu lililowekwa mita 3 chini ya uso wa maji asubuhi, jioni liko pale pale mita 3.

Mabomu yaliletwa kwa reli kutoka upande wa Vladivostok kuanzia Julai. Washauri wa Kisovieti walifundisha kuyaunga na kuyapanga, na Wakorea wakayatega kwa matishari na mashua za kawaida. Bomu linalala juu ya kigari chake ambacho ndicho nanga, linasukumwa hadi ukingo wa tishari, linaangushwa. Kazi hiyo haihitaji manowari. Inahitaji watu wenye nguvu, kamba ya kuongozea mstari, na usiku kadhaa usio na usumbufu. Yapata mabomu 3,000 yalimwagwa hivyo katika ghuba hiyo na njia zake.

Bomu la 1908 linavyofanya kazi

Aina ya M-08 ni tufe la chuma lenye baruti ya TNT kilo 115, na hewa ya kutosha ndani kuliweka likielea. Likiangushwa, nanga inazama huku waya ukifunguka, kisha utaratibu wa kupima kina unaufunga waya ili tufe libaki chini kidogo ya uso wa maji. Juu yake zimechomoza pembe za madini laini ya risasi. Ndani ya kila pembe kuna kichupa cha kioo chenye maji ya dawa. Meli ikiigonga pembe, risasi inapinda, kioo kinavunjika, dawa inatiririka juu ya vipande viwili vya madini tofauti, na papo hapo pembe inakuwa betri. Umeme huo mdogo unawasha fataki, fataki inawasha baruti. Kwa kuwa hakuna betri ya kuchajiwa mapema, hakuna cha kuisha nguvu. Bomu likae miezi au miaka, pembe inangoja. Watu hucheka muundo wa zamani, lakini kinachodumu baharini ni kile chenye vipande vichache.

Chini yake, kwenye sakafu ya bahari, kulikuwa na kundi la pili ambalo mwanzoni wafagiaji hawakulijua: mabomu ya sumaku. Haya hayaelei wala hayana waya wa kukatwa. Yanalala kwenye tope yakisikiliza badiliko la sumaku ya dunia pale chuma cha meli kinapopita juu. Kibaya zaidi, yana kihesabio. Bomu linaweza kupangwa liache meli kadhaa zipite na kulipukia inayofuata. Njia iliyopitiwa mara tatu kwa usalama bado haijafagiwa.

Kufagia ni kufagia nyuma

Hapa ndipo msomaji asiye wa fani anapopotea. Fagio la mabomu ya nanga halipo mbele ya meli, liko nyuma. Kutoka tezi, yaani nyuma ya meli, huachiwa waya wa mita mia kadhaa. Karibu na meli, bawa la chuma huuvuta waya ushuke hadi kina kinachotakiwa. Mwisho wa waya, bawa la pili huuvuta uende pembeni, na boya lililo juu yake hulizuia lisizame zaidi ya kipimo. Waya basi unatanda kama mkono ulionyooshwa upande mmoja, au pande zote mbili ukitoa miwili. Juu yake yamefungwa makasi. Waya wa nanga ya bomu ukikutana na huo unateleza hadi kwenye makasi, unakatwa, na bomu linaibuka juu. Hapo mabaharia hulipiga kwa bunduki au mzinga mdogo mpaka lizame au lilipuke.

Maana yake ni kwamba waya unaisafisha njia ya anayekuja nyuma na pembeni, wakati mkuku (uti wa chini) wa meli inayovuta unapita juu ya maji ambayo hakuna aliyeyagusa. Kwa hiyo meli hupangwa mshazari: ya pili inaingiza omo yake (sehemu ya mbele) ndani ya ukanda uliosafishwa na ya kwanza, ya tatu ndani ya ukanda wa pili. Wote wanalindwa na aliye mbele yao isipokuwa aliye mbele kabisa. Yeye kinga yake ni mbili tu: mkuku wake kuingia majini kidogo kuliko kina cha mabomu, na macho ya mtu mwingine angani. Nyuma ya mshazari hufuata meli ya kuweka maboya yenye bendera kuonyesha ukingo wa maji safi, kwa sababu ukanda usio na alama unapotea mara tu mkondo na upepo vinaposukuma meli.

Zana zilizokuwepo

Vita vya pili vya dunia vilipoisha, Marekani ilikuwa na mamia ya meli za kufagia katika Pasifiki. Mwaka 1947 ilivunja kamandi ya kikosi hicho katika bahari hiyo. Vita vya Korea vilipoanza Juni 1950, Mashariki ya Mbali zilibaki kama kumi tu: chache za chuma za aina ya Admirable, urefu futi 184, uzito tani 650, ambazo mkuku wake huingia majini karibu mita 3, na ndogo za mbao za futi 136 zilizoingia majini pungufu kidogo. Baadhi ya zile za chuma zilikuwa zimefungwa bandarini na kutolewa haraka. Kuongeza idadi, Marekani iliomba Wajapani. Japani ilikuwa bado chini ya ukaaji na katiba yake mpya ilikuwa imekataa vita, lakini ilikuwa na wafagiaji wazoefu waliokuwa wakisafisha tangu 1945 maelfu ya mabomu yaliyodondoshwa na ndege za Marekani kwenye bandari zake. Serikali ya waziri mkuu Yoshida ilikubali, kwa siri.

Tarehe 10 hadi 12

Kazi ilianza tarehe 10 Oktoba chini ya Kapteni Richard Spofford. Njia ya kwanza ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa fupi: kutoka mstari wa kina cha pima 100 (karibu mita 180) moja kwa moja kuelekea ufukweni. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Ukanda wa maili kama 12 ulifagiwa na karibu mabomu 20 yakaharibiwa. Kisha alasiri helikopta ya manowari Worcester ikaruka mbele, na rubani akaona chini ya maji mistari mitano ya mabomu imekatiza njia.

Uamuzi ulikuwa kuiacha njia hiyo na kufuata nyingine, iliyojulikana kuwa ndiyo iliyotumiwa na meli za Kirusi kuingia Wonsan. Hoja yake ilieleweka: pale walipopita wao huenda hawakutega. Lakini ilikuwa dhana. Vita vilikuwa vimebadilika, hao Warusi hawakuwa na meli ya kupitisha tena, na mlango unaoujua ndio wa kwanza kuufunga.

Tarehe 12 asubuhi lilijaribiwa jambo ambalo kila kizazi cha majeshi ya maji hulijaribu upya: kulipua mabomu kwa mabomu. Ndege kutoka meli za kubeba ndege Philippine Sea na Leyte ziliangusha mabomu ya ratili 1,000 kwenye mstari wa njia, yakiwa yamepangwa kulipuka chini ya maji. Yalipiga kelele nyingi. Bomu la nanga ni tufe la chuma nene lililozungukwa na maji pande zote. Mlipuko usipotokea karibu sana, linayumba kwenye waya wake na kurudi mahali pake. Tena, mlipuko unaweza kulishusha, kulisogeza au kuliharibu nusu, na ramani uliyochora asubuhi ikawa haina maana mchana.

Baada ya hapo zikaingia meli tatu za chuma kwa mshazari: Pirate mbele, kisha Pledge, kisha Incredible. Helikopta ilikuwa juu. Makasi yalianza kukata, na mabomu yakaibuka nyuma ya meli moja baada ya jingine. Kwa mfagiaji hiyo ni habari njema na mbaya kwa pamoja: waya unafanya kazi, na wewe uko katikati ya shamba. Rubani alitoa taarifa kuwa mbele kuna mabomu mengi zaidi. Kwa meli yenye mamia ya mita za waya tezini, taarifa hiyo inachelewa. Huwezi kusimama, kwani waya utazama na kukwama. Huwezi kurudi nyuma, utaukanyaga kwa rafadha (pangaboi). Kugeuka kwa ghafla kunakutoa nje ya ukanda.

Saa sita na dakika chache mchana Pirate iligonga bomu. Ilivunjika na kuzama ndani ya dakika nne hivi. Hapo mizinga iliyofichwa kisiwani Sin-do ikaanza kuzipiga meli zilizobaki pamoja na watu waliokuwa majini. Pledge, ya pili, ikawa na kazi tatu kwa wakati mmoja: kujibu mizinga, kuokoa watu, na kuachia zana zake ili iweze kugeuka. Ilikata waya na kujaribu kupinda kuingia maji yaliyofagiwa. Ukanda ulikuwa mwembamba kuliko duara la kugeukia la meli ya futi 184. Ikagonga nayo, ikazama. Incredible ilipata hitilafu ya mitambo ikanusurika. Waliouawa na waliojeruhiwa katika meli hizo mbili walizidi 90. Waliokufa au kupotea walikuwa zaidi ya kumi.

Wengi husema meli zile zilizama kwa sababu zilikuwa za chuma. Si kweli. Zilipigwa na mabomu ya kugusa, na pembe ya risasi haibagui mbao na chuma. Sababu zilikuwa tatu nyingine. Ya kwanza ni kina cha meli ndani ya maji: mita 3 za mkuku juu ya mabomu yaliyowekwa kina hicho hicho. Ya pili, upelelezi wa angani ulifanyika sambamba na ufagiaji badala ya kuutangulia kwa siku nzima na kuandikwa kwenye ramani. Ya tatu, visiwa vyenye mizinga havikunyamazishwa kabla ya meli zinazokwenda polepole, zisizoweza kukwepa, kupitishwa mbele yake.

Tarehe 13 hadi 25

Baadaye mpangilio uligeuzwa. Ndege za kutua majini na helikopta zilitangulia, zikitafuta mabomu jua likiwa juu na maji yakiwa matulivu, na kila doa likapigiwa mstari kwenye ramani. Mengine ndege ziliyapiga kwa bunduki kutoka angani. Wazamiaji waliingia kwa mashua, wakaogelea hadi kwenye bomu, wakalifunga boya la alama. Mashua ndogo zikafuata na waya mwepesi, kwa kuwa mkuku wake haufiki kwenye pembe. Meli za mbao zikaja mwisho kupanua na kuthibitisha. Polepole, ndiyo, lakini kila hatua ilimpa anayefuata kitu anachokijua.

Wajapani walikuwa wameomba utaratibu wa mashua ndogo kwanza, kama walivyozoea kwao, na wakakataliwa kwa sababu ya haraka. Tarehe 17 meli yao MS-14 ikagonga bomu ikazama. Mmoja alikufa na 18 wakajeruhiwa. Meli tatu za kundi hilo ziling'oa nanga zikarudi Japani. Kifo hicho kilifichwa umma kwa miaka mingi.

Tarehe 18 ndipo kundi la pili lilipojitambulisha. Meli ya Korea Kusini YMS-516 ilikuwa ikienda ndani ya maji yaliyokuwa yamefagiwa kwa makasi, na ikalipuka pasipo kugusa chochote. Hivyo ndivyo sumaku inavyojulikana mara nyingi: kwa mlipuko mahali ambapo ramani inasema ni salama. Sasa meli za chuma zikazuiwa, na hapa mbao zilikuwa na maana kweli.

Lakini kufagia sumaku bila kujua mpangilio wake ni kubahatisha. Unavuta nyaya mbili nene za umeme zinazoelea, moja fupi na moja ndefu, zenye ncha wazi. Mkondo mkubwa unapita kutoka ncha moja hadi nyingine kupitia maji ya chumvi, na kuzalisha sumaku inayoiga meli ya chuma. Ila mkondo huo utumwe kwa nguvu gani, kwa sekunde ngapi, na upitishwe mara ngapi mahali pamoja? Kama kihesabio kimewekwa kumi, kupita mara tisa ni kazi bure. Jibu lilipatikana nchi kavu. Kwa kuwa mji ulikuwa umetekwa, mtaalamu wa mabomu, Luteni Kamanda Don DeForest, alipekua maghala na kuwahoji wenyeji waliofanya kazi na washauri wa Kisovieti. Akapata vipuri vya bomu la sumaku pamoja na maelezo ya utegaji. Kuanzia hapo wafagiaji walijua wanapigana na nini. Kwa maoni yetu, siku yake moja ghalani ilifaa kuliko tani zote zilizoangushwa na ndege tarehe 12.

Huku nje, msafara wa Marine uliofika tarehe 19 haukuwa na pa kwenda. Meli ziliamriwa kupanda kaskazini kwa muda wa saa 12, kisha kushuka kusini kwa muda wa saa 12, siku baada ya siku. Askari waliuita mzunguko huo kwa jina la yo-yo, mchezo wa watoto wa gurudumu na uzi. Chakula kilipungua, kuhara damu kukaenea vyumbani. Mchekeshaji Bob Hope alitua Wonsan kwa ndege na kutumbuiza wafanyakazi wa uwanja wa ndege kabla ya askari hao kushuka. Njia ilifunguliwa tarehe 25.

Admirali Allan Smith, aliyeongoza kikosi cha mbele, aliwaandikia wakubwa wake kwamba wamenyang'anywa bahari na taifa lisilo na jeshi la maji, kwa silaha za kabla ya vita vya kwanza vya dunia, zilizotegwa na vyombo vya zama za kuzaliwa Kristo. Ujumbe huo ulifungua mifuko ya fedha. Katika miaka ya 1950 Marekani ilijenga makumi ya meli mpya za kufagia zenye urefu wa futi 172, mbao za tabaka zilizogundishwa, na injini za dizeli za alumini na chuma kisichovutwa na sumaku.

Chinnampo, wiki chache baadaye

Mizani nzuri ya kisa hiki ni Chinnampo, bandari ya Pyongyang upande wa magharibi, iliyoanza kusafishwa mwishoni mwa Oktoba hiyo hiyo. Mabomu yalikuwa ya shehena ile ile, ya nanga na ya sumaku. Safari hii walianza na watu: warubani wa bandari (wanaoongoza meli kuingia) na wenye mashua waliulizwa mabomu yalitegwa wapi, na majibu yao yakachorwa. Kisha ndege za kutua majini za Marekani na Uingereza zikapekua mlango na mkondo, zikisubiri maji yapwe, kwa kuwa upande huo bahari inashuka sana na inafunua. Mashua na vyombo vidogo vikafagia baada ya hapo, na meli zinazoingia majini zaidi zikawa za mwisho. Shehena za jeshi zilianza kuingia Novemba. Hakuna meli ya kufagia iliyopotea.